Mwaka wa Kuuziba Mlango

Mwezi uliopita nilikwenda Shella, Malindi, kwenye harusi ya binti wa Rahma. Rahma mwenyewe alikuwa uwani akiwagawia watu kazi, na sauti yake ilikuwa imewashinda wapiga ngoma. Ni mwanamke mnene, mwenye kifua kipana, na kila alipoagiza sinia au kumkemea aliyeacha sufuria wazi, mimi nilijikuta nacheka peke yangu. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza kinachonichekesha, nikamwambia si kitu. Lakini kilikuwa kitu. Huyo Rahma nilimbeba kwa viganja viwili, na viganja vilibaki na nafasi. Nilikaa naye mapajani nikimtazama kifuani nione kama kinapanda, na kilipopanda nilingoja kipande tena. Watu wa rika langu huikumbuka miaka yao kwa harusi na misiba, au kwa mvua iliyozidi. Mwaka ule mimi naukumbuka kwa mlango, na kila ninapoukumbuka, hata sasa, pumzi zangu hushuka kama za mtu aliyetua mzigo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, na katika kungoja huko nikatumwa kwa dada yangu Zuhura, aliyekuwa ameolewa Shella na mimba yake ilikuwa ikimsumbua. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, hoteli zikijengwa ufuoni moja baada ya nyingine, na malori ya mawe yakipita njia ile nyembamba tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Aisha, mjane aliyeishi humo tangu alipoletwa bibi harusi. Ilikuwa nyumba ya kale: kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na ukumbi mrefu ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uwani, vyumba huku na huku. Vyumba havikuwa na milango, vilikuwa na mapazia mepesi tu. Waliojenga walitaka nyumba ivute upepo, na wakati wa joto la kaskazi, mtu anapolala juu ya mkeka akitafuta baridi ya sakafu, ungewaombea dua. Tatizo lilikuwa upepo wa kusi. Mlango ulielekea huko huko kusi inakotoka.

Niueleze mlango wenyewe, maana ndio mwenye habari hii. Ulikuwa wa mti wa mbambakofi, wa pande mbili, miimo yake imechongwa maua na minyororo, na katikati una mfaa, yaani ule mti wa nakshi unaofunika mahali pande mbili zinapokutana. Watalii walikuwa wakisimama kuupiga picha. Lakini pande zile hazikuwa na bawaba. Zilizunguka kwa vipini vya mbao vilivyoingia kwenye matundu juu na chini, na matundu hayo yalikuwa yamelika kwa miaka mingi hata mlango mzima ukawa unacheza. Upande wa kulia ulikuwa umejipinda. Chini palikuwa na mwanya ambao paka wa jirani aliutumia bila kubisha hodi. Kusi iliposhika, upepo uliingia chini, ukaingia katikati, ukafagia ukumbi wote mpaka uwani, na mlango ukawa unakwenda na kurudi juu ya komeo la chuma, ta, ta, ta, kutwa. Ongeza hapo malori, mikokoteni ya punda, na mkahawa wa chai ng'ambo ya njia ambao mwenyewe aliamini redio isiyosikika mtaa mzima ni redio mbovu.

Rahma alizaliwa kabla miezi yake haijatimia, mwanzo mwanzo wa kusi. Alikaa hospitali na mama yake kwa majuma kadhaa, kisha wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Nesi aliyewaruhusu aliyasema masharti yake taratibu, nasi tukayarudia mbele yake kama wanafunzi wa madrasa. Mtoto asipigwe na upepo. Asivute moshi. Anyweshwe maziwa ya mama kwa kijiko, kidogo kidogo, na aachwe alale, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hukua akiwa usingizini. Jambo la usingizi ndilo lililotushinda. Kila komeo lilipogonga, Rahma alitupa mikono pande zote mbili kama anayeanguka, akaamka, akalia kilio kisichofika hata mlango wa chumba, kisha akatapika maziwa aliyoyapata kwa shida. Alichoka kwa kushtuka. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya zaidi, lakini kilipakana na jiko la kuni, na moshi ulikijaza hata kuta zilikuwa nyeusi. Kwa hiyo alibaki chumba cha mbele, amezungushiwa pamba na kanga za mama yake, na sisi watu wazima tukawa tunanong'ona.

Mtu asidhani kunong'ona ni amani. Katika nyumba isiyo na milango ya vyumba, maneno ya kunong'ona ndiyo yanayosikika zaidi, kwa sababu kila mtu anayategea sikio. Asubuhi tulikaa ukumbini kula mahamri na mbaazi alizopika Bi Aisha, tukipitishiana bakuli kwa ishara, na baada ya chakula kila mmoja aliingia chumbani kwake na mimi, niliyelala chumba cha katikati, niliyasikia ya huku na ya kule. Nilimsikia Zuhura akimwambia mumewe, "Mama yako anaupenda mlango kuliko mtoto wako." Nilimsikia shemeji yangu Athmani akinyamaza. Alikuwa mtu mpole, mtunza stoo katika hoteli moja ya Watamu, na alipobanwa kati ya mama na mke alikuwa na dawa moja tu, nayo ni kunyamaza.

Maneno yale ya Zuhura yalikuwa na asili yake. Athmani alikuwa ameleta ubao na misumari aupigilie chini ya mlango kuziba mwanya. Bi Aisha akamtoa nyundo mkononi. Mlango ule, alisema, haukupata kupigwa msumari na baba yake Athmani wala babu yake. Tukajaribu kusukumia vitambaa chini. Kila mlango ulipofunguliwa vilivutwa, na siku moja kimoja kikakwama, mlango ukakataa kufunguka kwa ndani wala kwa nje, na ilibidi Athmani azunguke nyuma na kuruka ukuta wa uwa akiwa na nguo zake za kazi. Tukaweka gunia la mchanga, likaleta siafu. Nikatundika mkeka ukumbini. Upepo ukaupiga ukutani kwa kishindo kuliko komeo lenyewe. Ndipo Athmani alipokuja na habari ya bwana mmoja aliyekuwa akizunguka mitaa ya zamani akitafuta milango ya nakshi kwa ajili ya majumba ya wageni. Bwana huyo angeuchukua mlango pamoja na miimo yake, na mahali pake angeweka mpya, wa kisasa, unaobana kama kifuniko cha kopo, kwa mafundi wake mwenyewe.

Athmani aliyasema hayo usiku wa Ijumaa, baada ya chakula, akimtazama mama yake mikononi badala ya usoni. Bi Aisha alikuwa akichambua mchele wa kesho. Hakuinua kichwa.

"Baba yako alitolewa kwa mlango huu," alisema. "Ningojeeni nami nitolewe, kisha muufanye mtakavyo."

Lakini nilifahamu baadaye kwamba Athmani, kwa hofu ya kumpoteza mtoto, alikwenda akamwambia yule bwana aje siku ya Jumapili fulani, akitumaini kuwa mpaka siku hiyo ifike Mungu atakuwa amempa maneno ya kumwambia mama yake.

Mimi pia nilimwona Bi Aisha mkaidi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa umri huo mtu mzima asiyekubaliana nawe humwoni kuwa na sababu, humwona kuwa na tabia. Kisha asubuhi moja nilikuwa nafua kanga za mtoto uwani, sabuni ikaniishia, nikaja ndani bila viatu. Bi Aisha alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, juu ya kigoda karibu na mlango, anasuka ukindu. Nilidhani alikuwa akikaa pale kwa ajili ya mwanga unaopenya. Nikamsikia akizungumza, polepole, kama mtu anayesoma uradi. Nikasimama. Nje, sauti ya mwanamume ikasema, "Sabalkheri, Bi Aisha," na miguu ikapita bila kusimama. Bi Aisha akauitikia ubao wa mlango, "Akheri, mwanangu. Mama ameamkaje?" Jibu likaja kutoka mbali kidogo. Halafu akaja mwanamke aliyekuwa akitembeza mboga kutoka Ganda, jina lake Mama Kadzo, akatua kapu, akakaa kwenye baraza ya nje na kuegemeza mgongo mlangoni. Wakaongea hivyo, mmoja nje, mmoja ndani, mwanya katikati yao: nani kajifungua, nani kafiwa, bamia zimeliwa na wadudu, mke wa fulani karudi kwao Mambrui. Mama Kadzo alipitisha fungu la mchicha chini ya mlango, pale pale anapopita paka. Bi Aisha akalipokea, akacheka kwa sauti ndogo. Sikuwa nimepata kumsikia akicheka.

Sikumwambia mtu siku hiyo. Nilikuwa sijajua niseme nini. Nilianza tu kumwangalia kwa jicho jingine, nikaona kwamba tangu nilipofika sikupata kumwona akitoka nje ila kwa mazishi. Kwenye daka, mbele ya mlango, palikuwa na baraza mbili za mawe zinazotazamana, na zote zilikuwa tupu siku zote ila kwa wauzaji waliopumzika.

Siku ya kliniki ikafika. Zuhura na Athmani wakaondoka na mtoto amefungwa kama mkate wa moto, na nyumba ikabaki na mimi na Bi Aisha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwasha makaa. Tangu mtoto alipokuja hakuruhusiwa kufukiza, na kwake yeye nyumba isiyofukizwa ilikuwa nyumba isiyonawa uso. Akatia ubani kwenye chetezo, akapita nacho chumba kwa chumba akisema dua zake, mimi nikifuata nyuma kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Alipofika mlango wa mbele alikisogeza chetezo karibu na mfaa, na moshi ukakatika. Haukupanda. Ulikimbilia ndani kwa mstari mmoja, kama uliovutwa kwa uzi.

"Tazama," akasema.

Akakishusha chini, tulipozoea kulaumu. Pale moshi uliyumba tu na kusambaa. Akakipandisha kwenye miimo, kulia, mahali mlango ulipojipinda. Moshi ukakatika tena. Nikaleta kigoda, nikapanda, nikashika chetezo kwa kitambaa na kukiinua mpaka juu ya kizingiti cha juu, na huko tukaona jambo ambalo hatukulifikiria kabisa. Kati ya mbao za nakshi na ukuta palikuwa na ufa mrefu, chokaa imedondoka, na upepo uliingia humo kwa nguvu kuliko popote. Tulikuwa tumepigana na mwanya wa paka majuma yote yale, na upepo ulikuwa ukipita juu ya vichwa vyetu. Nilianza kucheka. Bi Aisha naye akatabasamu, akaketi kwenye kigoda niliposhuka, chetezo miguuni.

Ndipo nikamuuliza, kwa adabu niliyoiweza, kama ni kweli anaupenda mlango ule kiasi hicho. Akaniambia mlango ni mti tu, hata mchwa anaweza kuula. Lakini mumewe alikuwa mtu wa watu, baraza zile zilijaa kila alasiri, na yeye alikuwa akikaa pale pale ndani, akisikia yote, akijua ya mji kabla hayajafika sokoni. Mume alipokufa akakaa eda yake, na eda ilipokwisha alitaka kutoka, akaona haya kukalia baraza ya marehemu. Siku zikapita, watu wakazoea kuusalimu mlango, naye akazoea kusalimiwa hivyo.

"Mkiuziba," akasema, "mimi nitajuaje nani kaamka na nani hakuamka?"

Kabla sijatafuta jibu, mlango ukafunguliwa, Zuhura akaingia na uso wa mtu aliyelia njia nzima akajipangusa kabla ya kufika. Mtoto alikuwa amepungua uzito. Nesi alikuwa amesema wamrudishe juma lijalo, na akiwa amepungua tena atalazwa. Zuhura hakumtazama mama mkwe wake. Alipita moja kwa moja chumbani, akavuta sanduku uvunguni, akaanza kutia nguo. Akamwambia mumewe kwamba anakwenda kwa mama yetu Mambrui, kwenye nyumba ya makuti isiyo na mlango wa nakshi wala wa mtu aliyekufa. Athmani alisimama katikati ya chumba, mtoto mikononi. Wote tulijua mke anayetoka na sanduku kwa hasira si rahisi kurudi, na kama asingerudi, hakuna aliyekuwa na ubaya wa kutosha kulaumiwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Bi Aisha aliinua pazia la chumba. Hakuingia. Alisema, "Zibeni. Kote. Ila msumari usitiwe." Kisha akaenda uwani kuzima makaa ya chetezo, na nilipomfuata nilimkuta akimwaga maji mahali palipokwisha kuzimika.

Jioni ile nilimwambia Zuhura kuhusu Mama Kadzo na mchicha unaopita chini ya mlango. Alisikiliza hali anamnywesha mtoto, kijiko kikatulia hewani. "Mimi nikidhani anaongea peke yake," akasema. Sanduku hakulirudisha uvunguni, lakini alilifunga na kulikalia, na akawa analitumia kama kiti cha kushonea.

Tulifanya kazi siku tatu mfululizo. Athmani aliomba hotelini mapazia mazito yaliyotolewa vyumbani kwa kuwa jua limeyafifisha, akapewa, pamoja na mpira wa ndani wa gurudumu la gari uliochakaa. Ufa wa juu tuliushindilia makumbi ya nazi mpaka kidole kisipite, tukaufunika kwa chokaa upande wa ukuta, mbao zisiguswe. Athmani na jirani mmoja waliinua kila upande wa mlango kutoka kwenye matundu yake, wakatia vipande vya ngozi ya kiatu cha zamani, mlango ukakaa imara na kuacha kucheza. Kwenye miimo, mahali mlango unapolalia ukifungwa, tulibandika kwa gundi vipande vyembamba vya blanketi. Nyuma ya mfaa tulibandika mpira, na komeo tukalivika mpira pia. Kwa mwanya wa chini Zuhura alibuni kitu alichojivunia mpaka uzee wake: mito miwili mirefu na myembamba ya sufi, mmoja ndani, mmoja nje, imeunganishwa kwa kitambaa kinachopita chini ya mlango, ili mlango ukifunguliwa mito iende nao. Mwisho tukatundika lile pazia la hoteli ukumbini, hatua chache kutoka mlangoni, pana, refu, likiburura sakafuni. Bi Aisha alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka kila siku, akatuletea pale pale tulipo, akatazama, akaondoka. Siku tuliyomaliza, Zuhura alimpeleka mtoto kwa jirani, na Bi Aisha mwenyewe akapitisha chetezo mahali pote pale. Moshi ulipanda wima mpaka darini.

Usiku ule kusi ilivuma nje na sisi tukaambiwa habari zake na minazi tu. Redio ya mkahawani ilisikika kama iko mtaa mwingine. Rahma alilala. Alilala mpaka Zuhura akaniamsha mimi nikamtazame, tukainama wote wawili juu yake, kifua kikapanda, kikashuka, tukarudi kulala. Juma lililofuata nesi alimweka kwenye mizani, akaisoma, akamtoa, akamweka tena. Kisha akamwambia Zuhura kwamba chochote wanachokifanya waendelee nacho. Athmani alisimulia kwamba Zuhura alifika chini ya mwarobaini wa hospitali, akaketi kwenye mzizi na kucheka mpaka watu wakamletea maji.

Furaha hiyo haikumfikia Bi Aisha sawasawa. Alimshika mjukuu, alimshukuru Mungu, lakini asubuhi alikaa kwenye kigoda chake upande wa pili wa pazia, ukindu mapajani, na vidole vyake havikwenda mbio kama zamani. Mara aliinua kichwa, akatega sikio, akakishusha. Watu walipita huko nje wakimsalimu na hawakuitikiwa. Baadaye tulisikia kwamba mtaani walikwisha kuulizana kama ni mgonjwa. Zuhura alimwona hivyo siku moja, mbili, akashindwa kula. Akaniambia nichukue mkeka.

Nilikwenda kuutandika juu ya baraza ya kulia, nikakaa. Nilikuwa sijapata kukaa pale, nikaona aibu kama niliyevaa nguo ya mtu. Mama Kadzo akatokea, akashangaa kuniona, akatua kapu. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza Bi Aisha ana nini. Nikamjibu hana kitu, yumo ndani. Tukaanza kuzungumza. Nilimwomba anieleze habari za mji, naye hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alikuwa katikati ya kisa cha jirani wa mtaa wa pili aliyekuwa ameposewa binti na watu wawili kwa siku moja, nasi tunacheka, mlango uliposogea, ile mito ya sufi ikiburuzika. Bi Aisha akatoa kichwa, buibui begani.

"Amesema nini?" akaniuliza. "Huku ndani sisikii kitu."

Mama Kadzo akaanza kisa upya. Bi Aisha akasimama kizingitini kukisikiliza. Kilikuwa kisa kirefu, na miguu yake haikuwa ya kusimama sana. Alipofika pale penye yule mposaji wa pili, Mama Kadzo alisogeza kapu lake, bila kuacha kusimulia, na Bi Aisha akakaa. Niliondoka kwenda kumwambia Zuhura. Nilipochungulia baada ya kitambo, walikuwa wamekaa bega kwa bega wakichambua mchicha, na kila apitaye njia alisimama. Kijana mmoja, tayari mtu mzima mwenye ndevu, alisimama muda mrefu kumtazama. Akasema miaka mingi anamsalimu na hakuwa akijua sura yake.

Tangu hapo alasiri zote alikuwa nje. Wakaja wengine, wakongwe wenzake waliokuwa wamefungiwa ndani na uzee na haya, kila mmoja na ukindu wake, wakaijaza baraza ya kulia. Ile ya kushoto, aliyokuwa akikalia mumewe, waliiacha tupu.

Athmani hakupata ujasiri wa kumwendea yule mnunuzi na kumwambia mambo yamebadilika. Labda alidhani atasahau. Jumapili ile ikafika, Athmani yuko mapumzikoni, amelala chumbani baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa barazani na Bi Aisha, wenzake hawajaja, mkokoteni mkubwa uliposimama mbele yetu na wanaume watatu wenye kamba na mitaimbo. Bwana mwenyewe alikuwa amevaa vizuri, ana saa ya dhahabu. Alitupa salamu ya harakaharaka, kama mtu anavyowasalimu wapita njia, akaukagua mlango kwa macho mpaka juu, akaugusa mfaa, akabisha hodi. Hakuna aliyeitikia. Akabisha kwa nguvu zaidi, akaita jina la Athmani. Ndani kimya. Akautia sikio mlango, akawaambia wenzake kwamba nyumba haina mtu.

"Ina mtu," Bi Aisha akasema. "Hawasikii. Mlango umezibwa."

Yule bwana akageuka, kwa mara ya kwanza akamwona. Akamsalimu upya, sasa kwa shikamoo, akaeleza kwamba amekuja kwa ahadi, kwamba mlango mpya uko tayari, unabana, hauingizi upepo wala kelele. Bi Aisha alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza huo mpya una muda gani tangu kutengenezwa. Akajibu ni wa juma hili. Bi Aisha akamwambia kwamba huu wa zamani nao, kwa kubana, ni wa juzi tu, na kama hasadiki abishe tena. Mmoja wa wale wenye mitaimbo akacheka kisha akajikohoza. Yule bwana akatazama chini, akaiona mito ya sufi, akachutama akaibonyeza kwa kidole. Alikuwa mtu wa kazi yake, nampa haki yake. Alitikisa kichwa kwa namna ya kusifu. Akasema basi mama, samahani kwa usumbufu, na mkokoteni ukageuzwa.

Bi Aisha aliendelea kusuka mpaka walipokata kona, ndipo akaniambia niingie nimwite Athmani, nimwambie mama yake anamtaka nje.

Athmani alitoka akifunga shuka vizuri kiunoni, macho ya usingizi. Aliona alama za gurudumu la mkokoteni mchangani, akafahamu, akabaki amesimama kizingitini kama mtoto aliyevunja chungu. Bi Aisha alimwonyesha kwa kidevu ile baraza ya kushoto. Athmani akaitazama. Kisha akaipangusa kwa kiganja, akakaa, akamwelekea mama yake. Mimi nikaingia ndani na kuufunga mlango nyuma yangu, ukafungika bila sauti.

Zuhura alikuwa amejinyoosha kitandani, Rahma amelala kifuani pake. Akafungua jicho moja, akaniuliza wanasema nini huko nje. Nikasimama karibu na pazia nikasikiliza, kwa mazoea. Nikamwambia sisikii.

"Afadhali," akasema, akafumba jicho.